Testitubu ya Maji Matupu

Mimi si mwalimu, na sijawahi kujifanya mwalimu. Ni mtunza maabara. Miaka kumi na tisa nimeshika funguo za maabara ya shule yetu, shule ya kanisa iliyo kando ya barabara ya kupanda Kilembe ukitoka Kasese mjini, na katika miaka hiyo walimu wanane wa kemia wamekuja wakaondoka. Mimi na chupa zangu tumebaki. Kemia yenyewe niliifeli nikiwa kijana, lakini kuosha testitubu mpaka uione kama haipo, hilo hakuna wa kunifundisha. Nasema haya mapema ili mjue nilikuwa na kiburi cha namna gani mwezi wa tatu mwaka huu.

Kwetu, mwanafunzi anayetaka kuingia kidato cha tano kusoma fizikia, kemia na baiolojia, lazima awe amepata angalau C katika kila moja ya hayo matatu alipomaliza kidato cha nne. Ndiyo sheria ya shule, na mkuu wetu, Bwana Mugume, anaishika kama katekista anavyoshika amri kumi. Ila kuna mlango mdogo. Aliyepungukiwa somo moja tu anapewa jaribio la mezani. Anawekewa chupa moja ya chumvi iliyoyeyushwa, haambiwi ni chumvi gani, na ana saa moja na nusu ya kutafuta ndani mna nini. Akipata alama saba kati ya kumi, nafasi ni yake. Akikosa, aende kwenye historia na dini, na hakuna rufaa.

Sasa, kuyeyusha chumvi ya jaribio kunataka maji yasiyo na kitu kabisa. Mtambo wetu wa kukeneka maji kwa mvuke ulipasuka mwezi wa pili, tukawa tunatumia maji ya betri kutoka kituo cha mafuta. Siku mbili kabla ya jaribio nilikwenda na jerikeni yangu nikaambiwa yamekwisha, nirudi wiki ijayo. Mtu mwenye akili angemwambia mwalimu. Mimi nikakumbuka mwamba wangu.

Juu ya shamba langu, kwenye bonde la Kilembe, kuna mwamba unaodondosha maji tone kwa tone, chini ya lundo la udongo wa zamani uliotolewa mgodini wakati wa shaba. Maji yake ni maangavu mpaka unaweza kuhesabu kokoto chini. Watu hawayanywi kwa sababu yana ukali kidogo ulimini, lakini mimi nilikuwa nikiyasifu kwa jambo moja. Hayana utando wa kijani, hayana viluwiluwi, hata jani halioti kando yake. Miaka yote nilitazama pale nikasema, haya ndiyo maji safi, hakuna mdudu aliyeyachafua. Basi nikajaza jerikeni, nikayachuja kwa karatasi mara mbili, nikayamimina kwenye chupa kubwa iliyoandikwa maji ya mvuke. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya jaribio walikuja sita. Watano walikuwa wa hapa Kasese na Mubuku, wamekuja mikono mitupu kama watu wanaopita sokoni. Wa sita alikuwa msichana wa Bwera aitwaye Kabugho Sylvie, na yeye alikuja na mama yake, sanduku la bati, na godoro lililofungwa kamba. Nilipoona godoro nikajua hawana mpango wa pili.

Mama yake, Mama Christophe, alikaa barazani nje ya maabara, nami nikampelekea kigoda. Ni mama wa mpakani, anauza mawese soko la Mpondwe, na Kiswahili chake ni kile cha upande wa pili.

"Mutoto alipata B ya baiolojia na C ya fizikia," aliniambia. "Kemia ndiyo D. Kule kwetu testitubu walikuwa nachora ku ubao. Siku ya mutihani ndiyo alishika moja mara ya kwanza."

"Na kwa nini asisome kitu kingine?" niliuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza.

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ule mwaka wa ugonjwa wa kutoka damu, elfu mbili kumi na tisa, kaka yangu alipata homa. Watu walikimbia nyumba yetu, hata majirani. Wakachukua damu yake, wakaipeleka. Kesho yake mutu mumoja akakuja akasema, hapana, hii si ule ugonjwa. Neno moja tu, na watu wakarudi kutusalimia. Sylvie alikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku ile anataka kuwa ule mutu anayeangalia damu na kusema."

Niliingia ndani.

Mwalimu wa kemia ni Ocan, mrefu, baba yake alitoka kaskazini kuja kuchimba shaba, naye alizaliwa kwenye nyumba za mgodi. Anaongea kama anayepanga askari mstari. "Kila mutu iko na chupa yake. Iko na maji ya kusuuzia na ya kupunguza ukali ya chumvi. Hakuna kuongea. Anza."

Watano walianza mbio. Yule Sylvie hakuanza. Alichukua testitubu kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mpaka nikahisi ni mimi ninayetazamwa. Nakiri nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuiangalia kazi yangu kwa muda mrefu hivyo. Kisha akanyoosha mkono.

"Mzee, naomba testitubu ingine moja."

"Unazo tano hapo."

"Ya maji yenyewe, peke yake."

"Maji si swali, binti. Swali liko kwenye chupa."

"Najua, mzee. Lakini nataka kupima bido kwanza." Bido ndiyo jerikeni kwa watu wa mpakani. Alipoona simwelewi akaeleza kwa sauti ndogo. "Mutu akileta bido yake kwa mama ajaziwe mafuta, mama anapimaka kwanza bido mutupu. Bila vile utasema mafuta ni kilo ishirini, kumbe kilo moja iko ya bido na matope yake."

Nikampa, nikicheka ndani kwa ndani. Nilijiambia, ndiyo maana alipata D, anapoteza saa yake kupima maji yangu.

Alitia maji matupu kwenye testitubu, akadondosha amonia, tone, tone, tone. Akaweka karatasi nyeupe nyuma yake. Akatulia. Wenzake walikuwa wameshafika nusu ya kazi, yeye bado anatazama testitubu ya maji. Akaimwaga, akasuuza, akarudia. Kisha akafanya chumvi yake kama wengine, kwa utaratibu, akaandika, na kengele ikalia akiwa na mstari mmoja uliobaki. Alikuwa ameandika kwenye kijikaratasi "maji", akakibandika kwenye ile testitubu.

Ocan alisahihisha palepale. Jibu lilikuwa zinki. Watano wote waliandika zinki, nao wakapita. Karatasi ya Sylvie aliisoma mara mbili. Msichana aliandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: Kuna zinki. Kuna pia shaba kidogo. Lakini shaba imo hata kwenye maji matupu, kwa hiyo siwezi kusema kama ni ya chumvi au ya maji.

"Binti," alisema Ocan, "mimi mwenyewe nilipima chumvi hii kwa mizani. Zinki peke yake. Hii shaba ulitoa wapi?"

"Niliona bulu ya shaba, mwalimu, nilipotia amonia."

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi na kwa maji."

"Maji ya Nobert?" Ocan alinigeukia akatabasamu. "Huyu mzee unaweza kumuacha peke yake ataosha hata hewa. Ukiongeza kitu haiko, mimi natoa alama. Tano juu ya kumi. Pole."

Wale watano wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Walipotoka wote, Ocan pamoja nao, nikawa nakusanya chupa. Sylvie alirudi akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Mzee, usikasirike. Nataka kujua tu. Ile maji ilitoka wapi?"

Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, haukukopwa. Lakini Bwana Mugume alishanitamkia mwaka jana kwamba nimeanza kuzeeka, na uongo ulikuwa karibu zaidi.

"Ya betri," nilisema. "Ya mjini."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea taarifa ya msiba. "Asante, mzee. Basi ni macho yangu."

Akaondoka. Kupitia dirishani nilimwona mama yake akimsikiliza, kisha akainama kukaza kamba ya godoro. Wakaanza kuteremka kuelekea barabarani.

Nikarudi kwenye sinki. Macho yake. Msichana aliyekuja kutoka Bwera kujifunza kuona, nami nimemrudisha kwao akiamini haoni. Testitubu yenye kijikaratasi cha "maji" ilikuwa bado imesimama kwenye kishikio chake. Niliitoa nikaiweka mbele ya kigae cheupe.

Ilikuwa bulu. Hafifu sana, bulu ya shati lililofuliwa miaka mingi, lakini bulu.

Nikasema labda testitubu haikuoshwa, na hapo nikajiaibisha, maana niliiosha mimi. Nikachukua nyingine, nikaiosha mara tatu, nikatia maji kutoka chupa kubwa, nikadondosha amonia kwa mkono wangu mwenyewe. Bulu. Nikatafuta msumari, nikausugua kwa msasa mpaka ukawa mweupe, nikautumbukiza kwenye bika la kioo lenye maji yale yale. Jambo hili nimelitayarisha kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi: msumari ndani ya maji ya chumvi ya shaba, na shaba inahama kutoka majini inakuja kuuvika msumari. Lakini huwa tunatumia maji mazito ya bulu ambayo hata kipofu angeyatilia shaka. Haya yalikuwa maangavu. Mtu angeyanywa.

Nikaosha testitubu thelathini nikiwa nimeyapa mgongo. Nilipogeuka, msumari ulikuwa mwekundu.

Nilikaa kwenye kigoda cha wanafunzi. Milima hii nimezaliwa ndani yake. Nimeona theluji ya juu ikipungua mwaka hadi mwaka, nimeona mto Nyamwamba ukibeba nyumba nzima, na nilidhani hakuna kitu hapa kinachoweza kunishangaza tena. Na sasa shaba, ile iliyoleta baba za watu kutoka kila pembe ya nchi, ile ambayo walitoboa mlima kuifuata, ilikuwa imetoka yenyewe mlimani kimya kimya, ikaja kwenye jerikeni yangu, ikakaa kwenye msumari wangu, nami sikuiona. Nikamkumbuka mke wangu Teopista aliponiambia miche yake chini ya mwamba inakauka. Nilimjibu kwamba ana mkono mzito. Hakuna chura pale kwa sababu chura angekufa. Usafi niliousifu miaka yote ulikuwa wa mahali ambapo hakuna kinachoweza kuishi. Nilishangaa kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kujificha mbele ya macho ya mzee mzima, kikaonwa na mtoto aliyefundishwa kwa michoro ya ubaoni.

Sinki lilikuwa wazi mbele yangu. Kumwaga lile bika kungechukua muda wa kupiga chafya, na hakuna ambaye angejua. Niliufikiria sana msumari ule. Kisha nikaufunga kwenye karatasi ya chujio, nikatoka mbio, na mtu wa umri wangu akikimbia barabara ya Kilembe watu husimama kuangalia nani amekufa.

Niliwakuta wanasubiri gari la kwenda Bwera. Mama Christophe alikuwa ameshainua mkono kusimamisha moja.

"Maji hayakuwa ya betri," nilisema, hata pumzi sijapata. "Nilikudanganya. Niliyachota kwenye mwamba chini ya udongo wa mgodi." Nikafungua karatasi.

Sylvie alichukua msumari, akaugeuza, akaukwaruza kwa ukucha. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. "Kwa hiyo niliona?" alisema.

"Uliona."

Akakaa juu ya sanduku la bati akafunika uso kwa viganja. Gari lilipiga honi mara mbili likaenda zake. Mama yake alinitazama kwa muda ambao sikuupenda, kisha akasema, "Mzee, shika upande ule wa godoro. Turudi."

Ocan alikuwa amesharudi maabarani, anajaza fomu za wale watano. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila kupamba. Hakunikemea. Alichukua chupa kubwa, akadondosha amonia yeye mwenyewe, akaweka karatasi nyeupe nyuma. Akasugua msumari mwingine. Tulikaa sote wanne kuuzunguka ule msumari kama watu wanaongoja chungu kichemke. Ulipoanza kuwa mwekundu, kwanza ukingoni, halafu mwili mzima, Ocan alivua miwani.

"Baba yangu alifuata hii kitu chini ya mlima miaka kumi na nane," alisema. "Iliharibu kifua yake. Mimi sikujua inaweza kukuja yenyewe mpaka kwa meza."

Kisha akatoka, akawaita ndani wale watano waliokuwa bado uwanjani. Akawapanga mstari, akawauliza kama kuna aliyeona bulu walipotia amonia. Walitazamana. Aliyejibu ni Jonan wa Mubuku, kijana mwenye akili, na alijibu kwa adabu.

"Tuliona, mwalimu. Mimi niliona. Lakini hatukuandika, kwa sababu jibu ilikuwa zinki."

"Nani alikuambia jibu?"

"Hakuna mutu, mwalimu. Kila mwaka iko zinki."

Mimi niliangalia sakafu, maana kila mwaka huwa zinki kwa sababu ndiyo chumvi iliyojaa kwenye kabati langu. Ocan akawaambia jaribio lao limefutwa, watarudia Jumatatu kwa maji ya kweli na chumvi nyingine. Hakuna aliyebisha.

"Na huyu?" niliuliza, nikimwonyesha Sylvie.

"Huyu arudie nini?" alisema Ocan.

Alitoa fomu mpya. Chini ya fomu kuna nafasi ambayo sijawahi kuona ikijazwa, ya kueleza kwa nini aliyekosa alama saba anakubaliwa, na jina la shahidi. Bwana Mugume hasaini fomu ya mtu wa namna hiyo nafasi ikiwa tupu, na maneno matupu hayamtoshi. Ocan aliandika fizikia, kemia, baiolojia kwenye mstari wa juu, halafu akanisogezea fomu na kalamu. "Andika wewe. Wewe ndiyo shahidi."

Miaka kumi na tisa sijawahi kuandika chochote kwenye karatasi ya mwanafunzi. Niliandika: Kabla ya kupima chumvi alipima maji, akakuta shaba ambayo sisi wote hatukuijua. Nikasaini. Nililiona ni neno zuri, na Ocan alitikisa kichwa kukubali. Nadhani alikuwa amenihurumia.

Nikampa Sylvie asome. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akairudisha fomu mbele yangu.

"Mzee, samahani," alisema. "Haijaandikwa ni maji gani. Mukubwa akisoma hivi atasema shaba niliitunga."

Mama Christophe aliangalia nje. Nilimtazama yule msichana nikitafuta ukali usoni mwake, sikuuona. Alikuwa anangoja tu kazi imalizwe sawasawa.

Nikachukua kalamu. Nikaandika mwamba ulipo, na lundo lililo juu yake, na siku niliyochota, na kwamba chupa iliandikwa maji ya mvuke na haikuwa, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Nikaandika jina langu lote, Nobert, mtunza maabara. Herufi zilijaa nafasi yote zikapanda pembeni. Sylvie alisoma tena mpaka mwisho, akakunja fomu mara moja, akaikabidhi kwa Ocan, na Ocan akaipeleka ofisini kwa mkuu wa shule mbele ya macho yangu.